Aliyekaa Kiti cha Kushoto

Asubuhi ile Hajira alipofungua mlango wa pikapu, kiti cha kushoto kilikuwa cha moto, kama mtu ameinuka hapo sasa hivi. Harufu ya udi ikampiga puani.

“Baba Ziada, nani alikaa humu?”

“Nani akae?” Tahiri, mumewe, alijibu bila kuinua kichwa kwenye injini.

Pikapu hiyo Tahiri aliikuta Lulindi imeoza porini. Akaivuta hadi kwake Masasi, akaifufua kwa miaka sita, kila jioni akiipangusa na kuisemesha. Hajira alikuwa mkunga wa zahanati ya Chiwata, na mwezi ule pikapu ilimgomea mara tatu. Mara ya tatu, mama mmoja aliyekuwa akimsubiri alijifungulia sakafuni peke yake, mtoto akafa.

“Hiyo baki nayo ya kuchezea,” Hajira alimwambia mumewe. “Mimi nataka gari linalowaka kila siku.”

Walikwenda Newala kuliona gari dogo la mwalimu Vitalis. Limeinuka kiasi cha kupita makorongo, spea zake zinapatikana Masasi, injini haivuji. Hajira aliliendesha mwenyewe hadi Kitangari na kurudi. Wakalinunua.

Kesho yake tairi zake zote nne zilikutwa zimechanwa kama kanga kuukuu. Tahiri aliziangalia, akainamisha uso.

“Unajua kitu,” Hajira alinong’ona.

“Sijui.”

Walifunga tairi nyingine. Siku ya tatu, adhuhuri, Tahiri akilisafisha lile gari dogo, pikapu iliyokwisha kuondolewa ufunguo na betri ilinguruma, ikaruka mbele, ikambana mguu ukutani hadi mfupa ukalia, ikarudi nyuma, ikamfuata tena huku honi yake ikitoa sauti ya mwanamke anayelia kwa wivu, na damu ikatapakaa ukutani mpaka usawa wa dirisha.

Mujibu, mwalimu wa madrasa jirani, alifika mbio.

“Mama Ziada, usiiguse! Kuna jini ndani.”

Alisimama mbele ya boneti akaanza kusoma. Pikapu ikatetemeka. Kioo cha mbele kikapasuka, vipande vikamchana uso, naye akaendelea kusoma damu ikimwingia mdomoni, hadi ile sauti ikasema wazi, “Nimekaa naye miaka sita. Atoke huyo mwingine!”

“Kisomo kimemfunga tu, hakimtoi,” Mujibu alihema. “Choma!”

Hajira alichukua dumu la petroli, akamwaga kuanzia kiti cha kushoto, akawasha. Moto ulipopanda, ndani mlipigwa ukelele, na mikono miwili myeusi ikagonga vioo, ikagonga, ikagonga, ngozi ikibaki imenata, na Tahiri, mguu ukining’inia, akaanza kutambaa kuuelekea moto.

Hajira akamkamata kiunoni. Tahiri alimng’ata mkono mpaka meno yakagusa mfupa.

“Niache!” alilia. “Niache, Hajira! Mke wangu anaungua!”

Hakumwachia. Alimshikilia mpaka ukelele ukakatika na pikapu ikabaki chuma kitupu. Kisha yeye na Mujibu wakampakia kwenye gari dogo, nalo likawaka mara moja.

Hospitalini mguu uliokolewa. Pale mapokezi nesi alifungua faili, akauliza, “Dada, wewe ni nani wake?”

Hajira aliitazama alama ya meno mkononi mwake. “Andika tu aliyemleta,” alisema.