Godoro Nyuma ya Meza ya Kukatia

Kila alasiri, akitoka shule, Mlingoti alipita kwanza kwenye chumba cha ushonaji cha mama yake. Alivua viatu mlangoni, akamwamkia Bibi, kisha akachukua sumaku iliyofungwa kwenye uzi na kuiburuta sakafuni taratibu. Pini na sindano zilizoanguka tangu asubuhi ziliruka na kuing'ang'ania. Hiyo ilikuwa kazi yake tangu akiwa mdogo, na bado aliipenda.

Jina la Mlingoti alipewa na wenzake kwa sababu ya urefu wake. Hakulichukia. Urefu huo ndio uliomfanya awe mfungaji wa timu ya shule ya mpira wa pete. Akisimama chini ya goli na kunyoosha mikono, wapinzani walibaki wameinua nyuso juu kama wanaongojea mvua.

Lakini leo sumaku yenyewe alihisi ni nzito. Tumbo lilikuwa limemjaa, sketi ilimbana, kifua kilimuuma, na mlio wa cherehani ulimkera kana kwamba unamsema yeye. Alijua maana yake. Hedhi yake ilikuwa inakaribia.

Bibi, aliyekuwa akishona vifungo karibu na dirisha, alimtazama usoni mara moja tu.

"Siku zako zinakuja, mjukuu wangu. Weka hiyo sumaku, nenda kalale."

Nyuma ya meza ya kukatia kulikuwa na godoro dogo. Bibi alilishona mwenyewe na kulijaza vipande laini vya vitambaa vilivyobaki, mahsusi kwa siku hizi. Kila mwezi Mlingoti alilazwa hapo siku kadhaa kabla ya hedhi. Mama alimletea chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kwa taulo. Hakuna aliyemruhusu kuinua hata kikombe chake mwenyewe.

Alikuwa ndiyo kwanza amejilaza aliposikia sauti mlangoni.

"Hodi! Shikamoo Bibi, shikamoo mama. Mlingoti yuko wapi? Mwalimu ameshapuliza filimbi!"

Alikuwa Kifutio, rafiki yake wa chanda na pete, msichana mfupi mwenye mbio nyingi. Uwanjani, yeye ndiye aliyempasia Mlingoti mipira yote mizuri.

"Leo siwezi," Mlingoti alijibu kutoka nyuma ya meza.

"Mwezi uliopita pia hukuweza. Na kabla ya hapo. Unaumwa nini?"

"Nina homa."

Kifutio alizunguka meza na kumgusa paji la uso. "Homa gani hii? Umepoa kama mtungi!"

"Niache!" Mlingoti alifoka. "Kazi yako kunifuatafuata tu! Bila mimi, nani angekuona wewe uwanjani?"

Cherehani ya mama ilinyamaza. Kifutio aligeuka, akatoka bila hata kuaga.

Mlingoti alijifunika uso kwa mkono na kulia. Hakuelewa maneno yale yalikuwa yametoka wapi. Alibaki akitazama upande wa chini wa meza, akiyarudia maneno yake kichwani. Kadiri alivyolala ndivyo mgongo ulivyokaza na mawazo yalivyozidi. Usiku, kwa kuwa alikuwa amesinzia alasiri nzima, usingizi ulimpaa kabisa.

Kesho yake mwalimu wa michezo alimwita kwenye stoo ya mipira. Alikuwa mwalimu wa kike, kijana, mpole, asiyependa kugombeza watoto mbele ya wenzao.

"Nafasi yako ya ufungaji nimempa mwenzako," alisema. "Mechi na shule jirani iko mwisho wa muhula, na siwezi kupanga timu na mtu asiyekuja mazoezini. Ila naona homa yako ina adabu sana. Inakuja kila mwezi, inakaa siku zake, halafu inaondoka bila dawa."

Mlingoti alijaribu kutabasamu, lakini machozi yalimtangulia. Ndipo alipoeleza yote: tumbo, mgongo, hasira, godoro, na maneno aliyomtupia Kifutio. Alisema kwa sauti ndogo hivi kwamba mwalimu alilazimika kuinama ili asikie.

"Mbona hukuniambia mapema?"

"Niliona haya, mwalimu."

"Hata mimi niliona haya nilipokuwa kama wewe. Nilimdanganya mwalimu wangu kwamba naumwa jino. Akaniangalia hivi, hadi jino likaanza kuuma kweli."

Mlingoti alicheka katikati ya machozi. Mwalimu alivuta mpira mmoja, akaukalia.

"Hedhi ikikaribia, mwili hubadilika. Wengine huvimba tumbo, wengine huumwa kichwa au mgongo, wengine hulia au kukasirika kwa jambo dogo. Si tabia mbaya, wala hujalogwa. Kupumzika ukichoka ni sawa kabisa. Lakini kulala tu, siku baada ya siku, huwazidishia wengi uchovu. Kutembea kwa haraka, kukimbia polepole, kunyoosha viungo, hayo huwasaidia wasichana wengi. Na usingoje siku hizo zifike. Fanya mwezi mzima, kidogo kidogo."

"Na nikizidi kuumwa?"

"Unapunguza, au unasimama. Na kama maumivu ni makali hadi huwezi kufanya shughuli zako, au damu inatoka nyingi kupita kiasi, hapo unaenda na mama kituo cha afya. Mazoezi ni msaada, si uchawi."

Mlingoti alichora chini kwa kidole cha mguu. "Bibi atakataa. Godoro lile alinishonea kwa mikono yake. Nikisema silitaki, ataona nimemkataa yeye."

Mwalimu alifikiri. "Nyumbani nina kitambaa cha gauni kinachongoja fundi," alisema. "Jumamosi nitakileta kwa mama yako."

Jumamosi mwalimu alisimama katikati ya chumba cha ushonaji, mikono ameinyanyua, huku mama akimpima kiuno kwa futi na kubana kitambaa kwa pini. Kama kawaida ya mafundi, mama alikuwa amebana pini nyingine katikati ya midomo. Mwalimu akaona hiyo ndiyo nafasi yake. Alieleza kila kitu alichomweleza Mlingoti.

"Mm!" alisema mama, macho yamemtoka. "Mm-mm!"

"Mwalimu, unajua kuchagua saa ya kusema," Bibi aliingilia kutoka dirishani. "Mwenye nyumba ana pini mdomoni, kwa hiyo nitajibu mimi. Mtoto huyu hakimbii siku hizo. Nikiwa msichana nilifanya kazi kiwanda cha nguo. Nilibeba marobota huku nimejikunja kwa maumivu, na hakuna aliyeniambia nikae. Siku moja nilianguka. Msimamizi akasema najidai. Nikaapa kwamba binti yangu na mjukuu wangu hawatalazimishwa na mtu kusimama wakiwa wanaumwa."

Mlingoti hakuwahi kuisikia habari hiyo. Alimtazama Bibi, akatamani kwenda kumkumbatia, lakini aliona haya mbele ya mwalimu.

"Pole sana, Bibi," mwalimu alisema kwa upole. "Ulinyimwa kupumzika ulipohitaji, na ule ulikuwa ukatili. Lakini kubebeshwa robota kwa lazima si sawa na kutembea kwa hiari, ukijua kwamba unaweza kukaa wakati wowote."

Mama alitema pini kiganjani. "Mama," alimwambia Bibi, "sote hapa tunamsemea mtoto, na mwenyewe amesimama pale. Hatujawahi kumwuliza."

Bibi aliweka chini shati alilokuwa akishona. "Haya, mjukuu wangu. Ukilala hapo, unapata nafuu?"

Kusema ndiyo kungekuwa rahisi sana.

"Hapana, Bibi," Mlingoti alisema. "Chupa ya moto inanisaidia. Na napenda mnavyonijali. Lakini nikilala hapo alasiri nzima mgongo unakaza, nafikiria mabaya tu, na usiku silali. Nisamehe."

"Mbona hukusema siku zote hizo?"

"Nilidhani utaumia."

Bibi alipangusa macho kwa mkono wa shati la mteja. "Nimeumia kidogo," alisema. "Itapita. Jaribu hayo ya mwalimu. Lakini ukichoka, unakaa!"

Jumatatu Mlingoti alimfuata Kifutio bombani, akamwomba radhi.

"Nilikuwa sijisikii vizuri. Siku zangu zilikuwa zinakaribia, na kila kitu kilinikera."

"Hata mimi huwa hivyo," Kifutio alisema, bado amenuna. "Hasira ilikuwa ya mwili, sawa. Lakini maneno yalikuwa ya mdomo wako."

"Kweli. Ndiyo maana nimekuja. Na la homa nilikudanganya."

Kifutio alimwangalia kuanzia chini hadi juu, safari ndefu kidogo. "Haya, nishikie ndoo," alisema hatimaye, na hapo wakajua yamekwisha.

Tangu hapo, asubuhi kabla ya shule, Mlingoti na mama walitembea kwa haraka hadi mwisho wa barabara na kurudi. Mama, aliyezoea kukaa kwenye cherehani kutwa, ndiye aliyehema zaidi. Alasiri Mlingoti alishika ukingo wa meza ya kukatia, akarudi nyuma hatua chache, akainama na kunyoosha mgongo. Bibi alijifanya msimamizi: "Nyooka! Mbona umejikunja kama nguo isiyopigwa pasi?"

Mwezi wa kwanza tofauti haikuonekana sana, na Mlingoti alikata tamaa. "Mwili hauamrishwi," mwalimu alimwambia. "Unazoeshwa." Mwezi uliofuata tumbo lilijaa tena, lakini mgongo ulikuwa mwepesi. Hasira ilipompanda, aliomba ruhusa, akazunguka uwanja akikimbia polepole, akarudi akiwa ametulia. Usiku alilala. Mwalimu, aliyekuwa akimwona mazoezini kila mara, alimrudishia nafasi yake bila maneno mengi.

Siku ya mechi ikaangukia siku zile zile. Asubuhi Mlingoti alimwambia mwalimu ukweli: "Leo ni mzito, lakini nataka kucheza. Nikishindwa nitakuonyesha ishara." Alifunga, akakosa, akafunga tena. Katikati ya mchezo tumbo lilimkata, akainua mkono. Alikaa, akanywa maji, akajinyoosha taratibu hadi alipojisikia nafuu, kisha akaomba kurudi. Timu zilikuwa sare Kifutio alipochomoka na kumrushia mpira. Mlingoti alinyoosha mikono na kuutumbukiza golini.

"Huyo ni wangu!" sauti ya kikongwe ilipaa juu ya kelele zote. Bibi alikuwa amesimama juu ya kiti, na mama amemshika kiuno asianguke.

Baada ya mechi, Bibi alimvuta Mlingoti na Kifutio, akawakumbatia wote wawili na jasho lao.

"Sikilizeni, wajukuu zangu," alisema. "Kuwa na siku ngumu si aibu, kwa hiyo msizifiche na msizitumie kuwaumiza wenzenu. Tembeeni, chezeni, mkichoka mpumzike. Na sisi wakubwa tujifunze kuuliza. Mimi nilimhurumia huyu kwa maumivu yangu ya zamani, kumbe ya kwake nilikuwa siyajui. Sasa ameniambia mwenyewe, na leo nimemwona akicheza."

Kisha akamgeukia mama, aliyekuwa akitafuta kiti.

"Na wewe usikae. Tunarudi nyumbani kwa miguu."