Mtaro wa Nyuma ya Ukumbi

Kila asubuhi kabla ya shule nilikunja foronya. Shangazi alifua mashuka ya nyumba tatu za wageni, na sebule yetu ilijaa mvuke wa pasi tangu alfajiri. Bibi, mama yake Shangazi, alikuwa kitandani chumba cha nyuma. Miguu yake ilikuwa imegoma mwaka wa tatu sasa. Nilimpelekea rundo la foronya akanisaidia.

"Unakunja kama mtu anayefukuzwa," aliniambia.

"Nachelewa, Bibi."

"Kila siku unachelewa. Saa ndiyo inakuonea?"

Shuleni waliniita Kalamu kwa sababu ya mwandiko wangu. Sijidai, ulikuwa mzuri kweli, na ndio ulioniponza.

Mwaka ule jiji letu lilitaka kuingia kwenye orodha ya majiji yanayopokea watalii na mikutano mikubwa bila kujiharibu. Jambo hilo halisemwi kwa mdomo tu, hupimwa. Ofisi ya utalii ilipima maji yanayotumika hotelini, umeme wa kumbi, taka zinazobaki baada ya matamasha, hata usumbufu wanaoupata wakazi wa jirani. Klabu yetu ya mazingira nayo ikagawiwa kazi. Rafiki yangu Kasuku, tuliyempa jina hilo kwa kuwa mdomo wake haukujua mapumziko, alipewa mtaro wa uwanja wa michezo. Mimi nikapewa mtaro wa nyuma ya ukumbi wa mikutano. Maji yote ya mtaa wetu hupita hapo kwenda bondeni.

Kila Jumamosi ulitakiwa ushushe mti uliochorwa sentimita mpaka uguse chini, usome, uandike. Mtaro mtupu ulikuwa na kina cha sentimita mia moja na ishirini. Kina kikishuka chini ya themanini, maana yake taka zimejaa, na jiji linaleta wazibuaji.

Wiki mbili za kwanza nilipima: mia na kumi na nane, kisha mia na kumi na sita. Wiki ya tatu jua lilikuwa kali na mtaro ulinuka vibaya. Nikakaa kivulini nyumbani, nikaandika mia na kumi na saba. Nilijua vizuri kwamba naongopa. Nilijiambia, mtaro hauna miguu, utakwenda wapi? Wiki ya nne nikaandika mia na kumi na tano. Kufikia wiki ya tisa mti wangu ulikuwa umelala uvunguni mwa kitanda cha Bibi, umejaa vumbi.

Fomu ya Kasuku, kwa upande wake, ilikuwa aibu tupu. Ilikuwa na madoa ya matope, na mahali pawili aliacha namba akaandika, "Sikwenda, nilikuwa na homa." Tulimcheka, na mimi nilicheka kuliko wote.

Mwezi huo joto likazidi. Kila alasiri mawingu meusi yalikusanyika, yakakaa juu yetu bila kudondosha hata tone. Redio ilionya kwamba mvua ya mwaka huu itakuwa kubwa. Bafuni kwetu maji ya kufulia yakaanza kugoma kushuka. Yalizunguka, yakanguruma, yakarudisha povu jeusi. Shangazi akachokoa kwa waya, asipate kitu.

"Mtaro unabeua," Bibi alisema kutoka chumbani. "Huko mbele kuna kitu kimeukaba koo."

Nikajitia hamnazo, nikaendelea kukunja.

Jumatatu moja dada wa ofisi ya utalii alikuja shuleni na kabrasha kubwa. Akainua fomu yangu mbele ya shule nzima.

"Tazameni kazi hii! Haina pengo hata moja. Wengine mjifunze kwa Kalamu."

Makofi yakapigwa. Kichwa kikaanza kunivimba. Kisha akaendelea, "Namba hizi ndizo zilizotuonyesha pa kupeleka wazibuaji. Wote wako uwanjani, kwa sababu huko kina kimefika sabini. Nyuma ya ukumbi hakuna shida. Na Alhamisi wageni mia nane wanaingia ukumbini, pamoja na wakaguzi wanaopanga majiji kwa madaraja."

Kumbe namba zangu hazikulala kabatini kama nilivyodhani! Ziliwatuma watu huku, zikawazuia wasiende kule.

Baada ya masomo nilichukua mti nikaenda mbio hadi nyuma ya ukumbi. Mtaro haukuonekana. Niliona sahani za plastiki, chupa, mabango ya mikutano iliyopita, na kapeti la jukwaa lililoviringishwa na kutupwa humo. Kati yake maji meusi yalikuwa yamesimama kimya. Nikashusha mti, ukagota. Nikajaribu mahali pengine, na pengine tena. Sentimita thelathini na moja. Juu yangu ngurumo ilipita polepole.

Nyumbani nilikuta sakafu ya chumba cha Bibi imelowa pembeni. Maji yalikuwa yanapanda kutoka chini. Sisimizi walipanda ukutani kwa mstari mrefu, kila mmoja amebeba yai.

"Wanahama," Bibi alisema. "Wenzangu wana miguu sita. Mimi nikitaka kuhama sijui nitabebwa na nani."

Akacheka. Mimi sikuweza kucheka. Niliogopa sana.

Asubuhi yake, badala ya kukunja foronya, niliketi na kifutio. Nilitaka kubadilisha mstari wa mwisho tu, niseme taka zimeingia wiki hii. Shangazi akanikuta.

"Unafuta nini?"

Nilitafuta uongo mwingine, nikaukosa. Nikamweleza yote, wiki baada ya wiki. Shangazi akaitua pasi. Nilitegemea kofi. Yeye alitazama mlango wa chumba cha nyuma.

"Mama yangu amelala mle," alisema. "Vaa viatu."

Tulifika ofisi ya utalii kabla haijafunguliwa. Dada wa ofisi alipofika, nilimwamkia, nikampa fomu.

"Namba zipi ni za kweli?" aliuliza baada ya kunisikiliza.

"Mbili za kwanza. Na thelathini na moja ya jana."

"Nimekusifu mbele ya shule nzima!" Uso wake ulibadilika. "Unajua nimekataa mara mbili kupeleka watu pale? Mara mbili, kwa ajili ya karatasi hii!" Akanyakua simu.

Wazibuaji walihamishwa kutoka uwanjani saa ile ile. Msimamizi wao, baba mmoja mwenye sauti nzito, alichungulia mtaroni akauliza, "Nani alikuwa anapima hapa?" Nikainua mkono. Hakunigombeza. Alisema tu kazi hii ni ya siku nne, na siku zilizobaki ni mbili.

Jumatano saa nane mchana mvua ikashuka. Haikuanza kwa manyunyu, ilimwagika. Wazibuaji walikuwa wamefika nusu. Mtaani kwetu maji yalipanda ngazi, yakaingia sebuleni, yakabeba sabuni na mashuka machafu. Shangazi, jirani yetu fundi viatu na mimi tulimbeba Bibi tukamlaza juu ya meza ya kupigia pasi. Maji yalinifika magotini. Bibi alinishika mkono kwa nguvu, na safari hii hakutania. Nililia nikamwambia ni mimi niliyefanya hivi.

"Najua," alisema. "Shangazi yako ameniambia. Nishike vizuri."

Tulimshikilia hivyo kwa saa nzima. Kisha maji yakatulia, yakaanza kushuka polepole. Wazibuaji walikuwa wamelitoa lile kapeti huku mvua ikiwapiga.

Alhamisi dada wa ofisi aliwaeleza wakaguzi ukweli wote, na jiji halikupata daraja lililotarajiwa. Mimi niliomba radhi mbele ya shule.

Jumamosi nilirudi mtaroni. Nilipima: mia na kumi na tisa. Msimamizi wa wazibuaji alikuwa pale. Alitazama nilichoandika, akachukua mti akapima tena yeye mwenyewe. Mia na kumi na tisa. Jumamosi iliyofuata akafanya vile vile. Ya tatu nikashindwa kuvumilia.

"Baba, namba zinalingana kila mara. Utapima nyuma yangu mpaka lini?"

Alifuta tope mikononi.

"Mwanangu, mtu anayesoma namba yako hayuko hapa. Amekuazima macho yako, kwa sababu ya kwake hayafiki. Ukimdanganya, umempofusha, na atatembea hivyo hivyo mpaka atumbukie. Mtaro tuliuzibua kwa siku nne. Kukuamini kutachukua muda zaidi, na sio wewe wa kunipangia."

Akashusha mti majini, akainama kusoma. Nikasubiri kando, nimeshika fomu.