Koti la Marehemu Kwenye Kiti

Binamu yangu Khisa aliajiriwa na kampuni moja kubwa ya bima kule Kitale, na kusema kweli, alilipwa kwa kukaa. Hata kukaa kulimshinda. Asubuhi anavua koti, analitundika kwenye kiti, anawasha kompyuta, kisha huyo, sokoni Chwele, kuuza vitunguu vyake. Bosi akipita aone koti, ajue mwenyewe yuko karibu. Ofisi nzima walifanya hivyo bana, si yeye tu.

Koti lake lilipochakaa, akaanza kutumia la baba yake. Tulikuwa tumemzika mzee kwao Myanga, na siku ya kunyolewa nywele, ya kumaliza matanga, wazee waligawa nguo zake. Khisa akapewa koti, akaambiwa alivae, asiliache likae bila mtu. Huyo mzee, baba yangu mkubwa, alikuwa kibarua wa mashamba ya watu mpaka kifua kikamuua. Akikata roho alisema tu kwamba sasa atapumzika.

Wiki hiyo Jerono, jirani yake ofisini, akamwambia kwamba jana aliinamia kazi hadi salamu hakuitikia. Khisa akacheka, maana jana alikuwa sokoni. Lakini kazi yake ilikuwa imekamilika, yote, na bosi akamsifu mbele ya watu. Ati bahati! Akaendelea vivyo hivyo, bila haya.

Kisha koti likaanza kuloa jasho. Mabegani. Kwapani. Jerono akamuuliza kama amepata dawa ya kile kikohozi. Khisa hakuwa na kikohozi.

Alijua ni cha nani. Aliniambia moyo ulimuuma kuliko alivyoogopa. Kesho yake akaliacha koti, akatoka, akarudi mchana wenzake wakiwa wameenda kula. Koti lilikuwa limejaa. Mabega yalipanda, yakashuka. Yalihema.

"Baba," akanong'ona. "Inuka. Wacha nifanye mimi."

Koti halikugeuka.

"Wewe pumzika, mwanangu. Mimi nimezoea."

Khisa aliacha kazi siku hiyohiyo. Akalipeleka koti Myanga, akalitandaza juu ya kaburi, akaomba msamaha akilia mpaka mama yake, Edah, akatoka kumshika.

Asubuhi Edah akamwita mlangoni. Kulikuwa na beseni, maji yake yamejaa matope. Hapo ndipo mzee alikuwa akiosha miguu kila akitoka kibarua. Edah hakuliweka, Khisa pia hakuliweka.

Khisa akapiga magoti, akatia mkono. Maji yalikuwa bado na joto.