Nyundo na Cherehani

Kila aliporudi kutoka shuleni, Maranda alianza kwa kushika ufagio. Baba yake alikuwa seremala na karakana yake ilikuwa mbele ya nyumba, kwa hiyo maranda ya mbao yaliingia kila mahali: jikoni, kitandani, hata kwenye nywele za msichana huyo. Ndiyo maana wenzake darasani walimbandika jina hilo. Mwanzoni alinuna, baadaye akalizoea.

Nyuma ya ukuta wa karakana aliishi fundi wa nguo na mjukuu wake mchanga. Mtaa mzima ulimwita Mama Cherehani. Ukuta ulikuwa mwembamba, na kutwa nzima nyundo ikigonga upande huu, cherehani ilinguruma upande ule. Bibi yake Maranda, ambaye miguu ilishamkatalia na sasa alishinda kitandani, alisema hahitaji saa ya ukutani. Akizisikia kelele hizo mbili, anajua mambo ni shwari.

Siku moja walimu waliwaruhusu wanafunzi mapema kwa sababu ya moshi. Msitu wa mlimani ulikuwa ukiungua tangu juzi. Majivu yalidondokea nguo zilizoanikwa, na jua lilikuwa jekundu mchana kweupe. Asubuhi gari lenye kipaza sauti lilikuwa limepita likitangaza kwamba watu wajiandae kuondoka, na wenye wagonjwa na watoto wachanga watangulie uwanja wa mpira, kule kwenye udongo mtupu usio na kitu cha kuungua.

Maranda alimkuta Mama amesimama mlangoni na mizigo iliyofungwa: nguo, dawa za Bibi, dumu la maji. Baba alikuwa amepanga madawati ya shule juu ya mkokoteni, na sasa alikuwa anagonga dawati la mwisho.

"Baba Maranda, twende," Mama alisema. "Mama yako hatembei. Tukingoja mpaka moto ufike hapa tutamtoaje?"

"Moto uko ng'ambo ya mlima," Baba alijibu bila kuinua uso. "Hebu sikiliza. Mama Cherehani ana kichanga mle ndani, na bado anashona. Mwenye kichanga angekaa kama kuna hatari? Akinyamaza tu, tunaondoka."

Mama akasikiliza. Kweli cherehani ilikuwa inanguruma. Akaketi juu ya mizigo.

"Mimi msinitie kwenye mashauri yenu," Bibi alisema kutoka chumbani. "Nendeni, mimi nitalinda nyumba."

Ulikuwa utani wake wa kawaida, lakini safari hii hakuna aliyecheka.

Maranda alikuwa anafagia pale cheche ilipopita dirishani ikatua kwenye rundo la maranda. Akaikanyaga haraka haraka. Alipochungulia nje, aliona miali ya moto kwenye kilele cha mlima, upande wao.

"Baba! Moto umevuka!"

"Huo ni moshi tu."

Lakini sauti yake ilikuwa nyembamba. Maranda akamtazama mikono. Msumari aliokuwa anaugonga ulikuwa umeshazama wote kwenye mbao, na bado aliendelea kuugonga. Msichana akatupa ufagio, akakimbilia nyumba ya jirani.

Alimkuta Mama Cherehani ameketi kwenye mashine yake, mjukuu amefungwa mgongoni, mabegi mawili yaliyofungwa yakiwa miguuni pake. Mguu wake ulikuwa unakanyaga bila kupumzika. Sindano ilipanda na kushuka, lakini haikuwa na uzi, na chini yake hapakuwa na kitambaa.

"Mama, mbona hamjaondoka?"

"Niondoke vipi, mwanangu, na baba yako anagonga? Nyinyi mna mgonjwa asiyeweza kusimama. Nikasema moyoni, seremala hana ujinga wa kumwacha mama yake aungue. Nyundo ikinyamaza tu, na mimi natoka."

"Sasa unashona nini?"

"Sishoni kitu. Nakanyaga tu ili nisilie."

Maranda akaelekeza kidole ukutani. "Baba anangoja cherehani yako inyamaze."

Mguu wa Mama Cherehani ukasimama. Chumba kikawa kimya kabisa. Nyuma ya ukuta nyundo nayo ikakatika, na mara Baba akatokea mlangoni anahema.

"Mnaondoka?" aliuliza.

"Tulikuwa tunawangoja nyinyi!" Mama Cherehani alilia.

Maranda akamshika Baba mkono. "Baba, mimi naogopa. Ule msumari ulishaingia zamani, na wewe bado unaugonga."

Baba alimtazama binti yake. "Na mimi naogopa, mwanangu," alisema. "Naogopa tangu asubuhi."

Hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda mbio. Baba aliyasukuma madawati yote yakaanguka chini, kazi ya mwezi mzima, akambeba Bibi na kumlaza kwenye mkokoteni. Mama Cherehani alichana kitambaa cha mteja wake vipande vipande, akavichovya kwenye maji ili kila mtu ajizibe pua, kisha akamweka kichanga mikononi mwa Bibi.

"Kumbe leo mbao ni mimi," Bibi alisema, machozi yakimtiririka.

Barabarani mtu akapiga kelele, "Seremala anaondoka! Na Mama Cherehani!" Milango ikafunguliwa huku na huku. Watu wakatoka na mabegi ambayo hayakufungwa dakika ile. Mtaa mzima ulikuwa umekaa juu ya mizigo yake, kila nyumba ikimtegea jirani sikio.

Upepo ukageuka na moshi ukawafunika. Maranda alisukuma mkokoteni bila kuona hata mikono yake mwenyewe. Nyuma yao makopo ya vanishi ya karakana yakaanza kulipuka, na Baba hakugeuka. Bibi alikohoa mpaka akaishiwa pumzi. Kisha Mama Cherehani akapiga yowe: "Mtoto halii! Mbona mtoto halii?"

"Sukumeni!" Bibi alisema kwa taabu. "Anapumua. Namsikia kifuani kwangu. Sukumeni!"

Gurudumu likakwama kwenye shimo. Baba, Mama na Maranda wakasukuma pamoja, wakilia bila aibu, mpaka likatoka. Walipofika uwanjani moshi ulikuwa umepungua. Kichanga kikapiga chafya, kikaanza kulia kwa nguvu. Mama Cherehani alipiga magoti akamshukuru Mungu.

Karakana iliungua yote, na nyumba zote mbili. Jioni Baba aliketi chini karibu na binti yake, uso umejaa masizi.

"Tumepona kwa sababu uliuliza, ukasema wazi kwamba unaogopa," alisema. "Mimi mtu mzima nilificha hofu yangu nyuma ya nyundo, na jirani yangu akadhani ni ujasiri. Kuanzia leo tukiambiwa tujiandae, tunaamua wenyewe, tunamtoa Bibi kwanza, na tunagonga mlango wa jirani kumwambia. Hatungoji kusikia yeye anafanya nini."

"Na ukiogopa, Baba?"

"Nitasema."

Miezi ikapita. Siku ya kwanza Baba alipoanza kupiga misumari kwenye karakana mpya, Mama Cherehani alikuja mbio mpaka mlangoni, mjukuu mgongoni.

"Fundi! Hiyo nyundo ni ya kazi au ya hofu?"

"Ya kazi, jirani," Baba alijibu. "Ingekuwa ya hofu, ungenikuta mlangoni kwako."