Minyaa ya Njia ya Ziwani

Kila Jumamosi asubuhi, baada ya kuchota maji na kufagia uwanja, Benitha alivaa viatu vyake vya plastiki akaenda kujiunga na kikundi cha matembezi cha shule. Kikundi hicho kilianzishwa na Mwalimu Madeleine, Mkongo kutoka Kivu Kusini, ambaye hakukubali kwamba sayansi na historia hukaa darasani tu. Walifuata njia ya miguu inayotoka kijijini kwao, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, mpaka ziwani. Njiani walitazama korongo taji, walijifunza majina ya miti, na walisimama kwenye mabirika ya udongo yaliyobomoka, ambamo wafugaji wa zamani waliwanyweshea ng'ombe wao wa pembe ndefu.

Benitha alikuwa na miaka kumi na mitatu. Wazazi wake walitoka Burundi, lakini yeye alizaliwa Nakivale na aliipenda njia ile kuliko kitu chochote. Alikuwa pia na kichwa kigumu. Mama yake alizoea kusema kwamba mtoto huyu akikatazwa ndipo anapoanza.

Wiki iliyofuata wanafunzi wa shule moja ya mji wa Mbarara wangekuja kutembea nao, na Benitha ndiye aliyechaguliwa kuwaongoza. Kwa hiyo Jumamosi hiyo walikwenda kufanya mazoezi. Walipofika karibu na shamba la Mzee Astère, njia ilikuwa imezibwa. Mbele yao ulisimama uzio mpya wa minyaa, ile miti ya utomvu mweupe ambayo watu huichomeka kuzunguka nyumba. Nyuma ya uzio, pale walipozoea kukanyaga, maharagwe yalikuwa yameanza kuota.

Astère alitoka na jembe begani. Aliwaambia kwamba hapo hapajawahi kuwa na njia, ila yeye alikuwa amewavumilia tu. Anayetaka ziwa azunguke kwa barabara ya magari. Mwalimu Madeleine alimjibu kwa upole kwamba atalifikisha jambo hilo kwa mwenyekiti wa kijiji, kisha akawarudisha wanafunzi.

Benitha alirudi huku damu ikimchemka. Barabara ya magari ilikuwa na vumbi na malori, na haikuwa na lolote la kuwaonyesha wageni. Mtu mmoja anawezaje kuchukua njia ya watu wote?

Mchana, mama yake alipokwenda sokoni Base Camp, kitovu cha makazi yale, Benitha alichukua panga akarudi kwenye uzio peke yake. Alikata miti myembamba iliyoziba njia. Hasira haikuisha, akaivamia na ile minene iliyosimama kandokando, kulia na kushoto. Kila mtoto wa Nakivale anajua kwamba ukigusa utomvu wa mnyaa hutakiwi kujishika usoni. Benitha naye alijua. Lakini jasho lilimwingia machoni, akalifuta kwa kiganja.

Alihisi kama amepakwa pilipili. Alilia kwa sauti mpaka akasikiwa na Mukamazimpaka, bibi wa Kinyarwanda aliyeishi jirani. Bibi alimwosha macho kwa jerikeni nzima ya maji safi, huku akimgombeza bila kupumzika, kisha akatuma mtu amwite mama yake. Kwenye kliniki, mhudumu alisema maji yale ndiyo yaliyomwokoa, akamfunga jicho moja bandeji. Mama aliona aibu, akawaambia majirani kwamba mtoto aliumia akitafuta kuni.

Kesho yake mwenyekiti, Jean-de-Dieu, alifika pale shambani, na watu wengi wakakusanyika. Astère aliwaonyesha uzio uliokatwa. Alisema ni wanafunzi wa Mwalimu Madeleine waliotumwa kumharibia, na kwamba kikundi kama hicho kifungwe, si kupewa njia. Watu wakaanza kunung'unika. Mwalimu alisimama, uso umemsawijika.

Mama alimbana Benitha mkono ili asiseme kitu. Benitha alijinasua, akasogea mbele.

"Mwalimu hakututuma," alisema. "Ni mimi nilikata, peke yangu. Mzee Astère, nipe adhabu, nitaifanya. Lakini njia si yako, na hilo sitalikubali."

Mwenyekiti alimwomba aonyeshe alipokata, na Benitha akamwonyesha kisiki kimoja kimoja. Hapo ndipo Mukamazimpaka alipopita katikati ya watu.

"Hii minene alipanda baba yangu," alisema. "Tulipofika hapa kutoka Rwanda, nilikuwa mdogo kuliko huyu mtoto. Alipanda mistari miwili, akaacha fasi katikati, ng'ombe wapite kwenda ziwani bila kuingia kwa viazi. Hii myembamba ya katikati ni ya juzi."

Mwenyekiti aliinama kutazama. Visiki vya kandokando vilikuwa vinene kama paja. Vile vilivyoziba njia havikuzidi unene wa kidole. Astère naye alitazama. Mwishowe alikiri kwamba alitaka kuongeza maharagwe kidogo, maana watoto ni wengi na shamba ni dogo. Mwenyekiti aliamua njia ifunguliwe siku hiyohiyo. Benitha aliagizwa apande upya mistari yote miwili, chini ya macho ya Mzee Astère.

Alipanda siku tatu, mikono imefungwa mifuko ya plastiki. Siku ya mwisho, wageni wa Mbarara wakiwa bado hawajafika, Mukamazimpaka na Mwalimu Madeleine walikuja kumtazama.

"Mwana wangu," bibi alisema, "ulifanya vizuri kukataa. Ila ulikuja na panga, ukakata mashahidi wako mwenyewe, ukataka na kuua macho yako. Njia ilifunguka siku ulisema ukweli mbele ya watu, hata ule wa kukuumiza. Siku ingine anza na mdomo."

Benitha alichomeka kijiti cha mwisho, akakikandamizia udongo. Kisha akauliza afanye nini ikiwa atasema na watu wasimsikilize.

Mwalimu Madeleine alicheka.

"Unasema tena," alijibu. "Na tena, mpaka bakusikie."