Kikombe Kilichojaa

“Msafara unafika darajani baada ya dakika kumi,” redio ilikoroma. “Bragin yuko wapi?”

“Hemani kwa Shehe Mutib.”

“Mgeni wake?”

“Tangu jana.”

“Basi tumekwisha.”

Suhaib alizima redio, akaiacha bastola yake ya Glock kwenye kiti cha Land Cruiser. Hemani mwa Shehe hamuingii silaha. Na ukimgusa mgeni wa Shehe, ukoo mzima unageuka adui, na njia ya mpakani inafungwa. Njia hiyo Suhaib aliitunza miaka kumi na moja. Arusi zao alikwenda, misiba yao alilia, wala hakuwahi kuomba kitu. Mkubwa wake alimcheka. Acheke.

Ndani ya hema, Bragin, muuza silaha wa ng’ambo, alikuwa ameegemea mto, simu ya setilaiti ya Thuraya mapajani. Angebonyeza mara moja tu, bomu lingelirusha daraja pamoja na msafara wa wajumbe wa amani wa nchi mbili. Alitabasamu. Kiarabu hakijui, wala hakutaka kukijua.

Suhaib alipoketi aliona kitu, akakinyamazia.

Shehe alimmiminia kahawa kutoka kwenye dele. Suhaib alipokea kikombe, akakiweka chini bila kukionja.

Hema zima likageuka kumtazama. Kwao, kikombe kikiwekwa chini hivyo ni ombi, na hakinywewi mpaka likubaliwe.

“Kunywa, mwanangu. Haja yako?”

“Namtaka huyu.”

Uso wa mzee ulijikunja. “Miaka yote huombi, leo unaniomba aibu? Nimtoe aliyekunywa kahawa yangu?”

“Amekunywa, Abu Nayif?”

Shehe akageuka. Mbele ya Bragin palikuwa na kikombe kimejaa pomoni, nzi anaelea.

“Nayif! Huyu amekula nini hapa?”

“Biskuti zake, baba, na maji yake ya chupa,” mwanawe alijibu. “Nadhani anaogopa sumu.”

“Sumu! Kwangu mimi? Basi huyu si mgeni wangu.”

Bragin hakuelewa maneno, ila macho aliyaelewa. Kidole chake kikakimbilia simu.

Dele la shaba likamtua kwenye kifundo cha mkono. Aliyelirusha ni Shehe mwenyewe.

Suhaib aliidaka simu, akang’oa betri. Vijana wakamfunga Bragin kwa kamba ya ngamia. Kule bondeni honi za msafara zilisikika, zikapita, zikafifia.

Hapo ndipo Suhaib aliponyanyua kikombe chake na kunywa. Kilikuwa kimepoa. Alikinywa chote, kisha akamsukuma Bragin nje.

“Suhaib!” Shehe aliita. “Ombi lako umeshalitumia.”

“Najua.”

“Kwa hiyo hatukuoni tena?”

“Ijumaa naja. Yule ngamia wako bado anachechemea?”

Akawasha gari.