Usukani Usioguswa

Mwewe Saba, ndege ya wagonjwa, alijiinua wima kutoka kwenye mchanga wa jangwa la Chalbi bila mkono wa mtu kumgusa. Rafadha zake nne zikainama mbele, naye akashika njia ya hospitali ya mlimani kwa kasi ya kilomita mia nne kwa saa. Aliyemwongoza ni rubani unde, akili ya kompyuta iliyofundishwa kwa kumbukumbu za safari milioni moja za marubani wa zamani.

Kiti cha mbele alikikalia Qabale Guracha, mikono yake ikiwa mapajani. Alikuwa ametoka mbali kukifikia kiti kile. Miaka mitatu ya unesi katika zahanati za jangwani, minne ya kurusha ndege za mizigo, miwili ya chuo cha Kikosi cha Ndege za Wagonjwa. Leo ilikuwa safari ya mtihani wa mwisho. Mtu aliwekwa kwenye kiti kile kwa ajili ya siku ambayo mashine ingeomba msaada, na mashine haikuwa imewahi kuomba. Mwanafunzi aliyegusa usukani bila kuruhusiwa alifeli papo hapo.

Nyuma, nesi Halkano alikuwa amepiga magoti kando ya Tumme, mama aliyeshikwa na uchungu tangu jana, mtoto akiwa amekingama tumboni.

"Bado muda gani, dada?" Halkano aliuliza.

"Dakika kumi na moja, kaka."

"Damu haikati. Mwambie huyo rubani wako akaze mwendo."

Wakaingia kwenye ukungu. Kioo cha mbele kikawa cheupe kama kimepakwa chokaa. Kwenye ubao, kipimakimo kilionyesha mita mia nne kutoka ardhini.

"Njia iko salama," rubani unde alisema kwa sauti yake ya upole.

Qabale alijilazimisha kupumua. Ndipo akaisikia harufu kwenye tundu la hewa, harufu ya kuvumwani inayoota kwenye magome na ya majani yaliyooza. Alizaliwa kwenye mlima uleule, akaokota kuni chini ya miti ile. Mita mia nne juu, harufu ile haifiki.

Akakigonga kipimakimo kwa kidole.

"Rubani, pima kimo upya."

"Kimo ni mita mia nne. Njia iko salama."

Vumbi la jangwani, aliwaza. Limeziba jicho la kipimakimo. Au ni woga wangu tu? Miaka tisa niitupe kwa sababu ya harufu? Alibonyeza redio. Kapteni Lesuuda, mtahini wake, alikuwa akisikiliza kutoka kituoni.

"Kapteni, nahisi tuko chini sana."

Alimsikia akivuta pumzi, kisha, "Qabale..." na redio ikanyamaza.

"Kapteni! Nifanye nini?"

Nyuma, Tumme alipiga ukelele. Mbele, ndani ya weupe, kitu cheusi kikaanza kujichora.

Qabale akaukamata usukani kwa mikono miwili akauvuta mpaka kifuani.

"Hujaruhusiwa," ilisema mashine.

Matawi yakakwaruza tumbo la ndege kwa kishindo kilichomtupa Halkano juu ya mgonjwa wake. Qabale alikuwa akilia kwa sauti, naye hakujua kama analia. Mwewe akapanda, akatetemeka, akapanda tena, mpaka jua likawapiga usoni.

Qabale akatua mwenyewe kwenye hospitali ya mlimani. Tumme alikimbizwa chumba cha upasuaji. Saa mbili baadaye Halkano alitoka, nguo zimelowa damu, akasema, "Wako hai. Wote wawili." Kisha akaketi sakafuni.

Jioni Kapteni Lesuuda alifika na fomu. Mashine ilikuwa imeshaijaza: Mwanafunzi aligusa usukani. Amefeli.

"Mbona hukunijibu?" Qabale aliuliza.

Mzee yule alibaki amesimama. "Mwaka juzi nilikuwa na mwanafunzi, Ekidor. Mlima huuhuu. Aliniambia maneno yaleyale, 'Kapteni, nahisi tuko chini.' Nikamwambia, 'Tulia, mashine inajua.' Akatulia. Walikuwa watu wanne."

"Mlituambia ni upepo ulioiangusha ndege."

"Ripoti ilisema upepo. Niliitia saini." Aliiweka fomu mezani. "Leo nilitaka kukwambia vuta, binti yangu. Mdomo ukakataa. Nilikuwa naisikia sauti yake."

Qabale aliivuta fomu. Penye sababu ya kugusa usukani akaandika neno moja: Niliogopa. Kisha akamsogezea kalamu.

"Chini yake, Kapteni, andika ulichomwambia Ekidor."

Lesuuda aliitazama kalamu kama mtu aliyewekewa nyoka mezani. Hatimaye akavuta kiti, akaketi, akaanza kuandika.